Mashine Isiyojibu Salamu

Nianze kwa kuwaonya: humu hamna majina, na msiniulize. Dada yangu ni dada yangu, mwanangu ni mwanangu, na marehemu mume wangu ni baba watoto, kama alivyokuwa tangu siku ya nikahi mpaka siku alipotoka nyumbani juu ya mabega ya watu. Sikulitamka jina lake akiwa hai, mbele yake wala nyuma yake, na sitaanza leo kwa sababu ya karatasi. Ndivyo tulivyolelewa, mimi na dada, na kwa malezi hayo hayo ndivyo tulivyokwenda kugombana na mashine.

Tunakaa wawili tu, wajane wawili, katika nyumba aliyotuachia baba, kichochoroni nyuma ya Ndia Kuu, Mji wa Kale. Chini ni giza na baridi, juu ni upepo na paka wa jirani. Dada hushona kofia za mkono, zile za vito, za vitundu vidogo vidogo, na macho yake bado ni makali kuliko ulimi wake, na ulimi wake nao si mchezo. Mimi nilikuwa mwalimu, nikifundisha watoto wa Bondeni kusoma, na mpaka leo nikipita kule wanaume wenye ndevu zao hutupa sigara wakaniamkia. Napenda hivyo. Sitasema uongo.

Balaa lilianzia kwenye viatu. Palikuwa na hitima Bondeni, na kama mjuavyo, wanawake wakiingia ndani huacha viatu mlangoni, lundo zima, na kutoka ni kila mtu na bahati yake. Dada akarudi nyumbani amevaa champali za watu. Si hivyo tu: moja nyeusi, moja ya kahawia ina ua juu yake. Jirani zetu wakamkuta kizingitini amesimama nazo, wakacheka mpaka wakashika ukuta. Kabla ya adhana ya isha habari zilikuwa zishafika Maskati, kwa binti yake dada, na Nairobi, kwa mwanangu mimi. Siku hizi simu hazina haya.

Wakatupigia kwa video, wote wawili kwa pamoja, nyuso zao zimebanana kama picha za pasipoti.

"Mamkubwa," mwanangu akasema, "na ile sufuria ya maziwa iliyoungua mwezi uliopita?"

"Iliungua," dada akajibu. "Sufuria huungua, ndiyo kazi yake."

Hawakucheka. Walikuwa washakata shauri. Dada apelekwe akapimwe akili, na ikiwa imeanza kuyumba, basi nyumba itafungwa. Yeye ataenda Maskati kwa bintiye, nami nitaenda Nairobi kwa mwanangu, kwani eti mtu mzima haachwi peke yake katika nyumba ya ngazi za mawe. Nairobi! Kufanya nini? Kukaa ghorofani nimejifunika blanketi, natazama mvua? Na dada huko Maskati, kwenye nyumba za viyoyozi ambako hata jirani humjui kikohozi chake? Tumeachana siku za ndoa zetu tu, na hata hapo yeye alikuwa mtaa wa pili, nikiweza kumpelekea bakuli la mchuzi likafika lingali moto. Niliogopa, jamani. Niliogopa hasa, nikamgombeza yeye usiku kucha kwa ajili ya zile champali, na yeye akanisikiliza tu, hakunijibu hata neno. Nikadhani ni aibu.

Tukapanda tuktuk kwenda Buxton. Pale karibu na chuo pana kliniki, na ndani ya kliniki palikuwa na msichana wa chuoni, mtu wa bara, mrefu, mwenye sauti ya upole. Alituamkia shikamoo vizuri, nikampa alama zake papo hapo. Akatueleza kazi yake. Ugonjwa wa kusahau, alisema, huanza kujionyesha katika maneno kabla ya kujionyesha katika matendo. Mtu huanza kusitasita, husema "kile kitu" mahali pa jina la kitu, hukata sentensi njiani akaiacha. Sikio la binadamu linaweza kuyapuuza hayo, mashine haiyapuuzi. Mashine yenyewe ilikuwa kama simu kubwa, na kipaza sauti kidogo mbele yake kama mbegu ya tende. Inasikiliza, inahesabu vituo, halafu inatoa rangi. Kijani ni heri. Nyekundu ni aende kwa daktari.

"Mashine si daktari, mama," akasema. "Inanong'ona tu."

Mimi nikaambiwa nikae pembeni ninyamaze. Kuniambia mimi ninyamaze!

Dada akajitengeneza buibui, akakisogelea kipaza sauti, akasema, "Sabalkheri." Akangoja. Akatabasamu, akangoja tena. "Kwema? Wazima nyote?" Kimya. Akamgeukia msichana.

"Haijibu, mama. Wewe endelea tu."

"Haijibu salamu?"

"Ni mashine, mama."

"Na aliyeiunda hakuifunza?" Akatikisa kichwa kwa huruma ya kweli, akarudi kuingoja kidogo, pengine ilikuwa na haya. Nami pembeni nilishajua kwamba kimya kile chote kinahesabiwa.

Ikaja sehemu ya pili, ya kutaja watu aliokaa nao nyumbani. Akawataja baba, mama, mimi, watoto. Msichana akamuuliza, na mume? "Baba yao." Jina lake? Dada akatazama dari. Akatazama kucha zake. "Yule bwana," akasema. "Yule aliyekuwa na duka la vitambaa." Jina lake, mama? "Mwenyewe wamjua, mdogo wangu," akanigeukia, "mwambie basi huyu mtoto." Mimi nami nitalitaja vipi jina la shemeji yangu? Tukakodoleana macho.

Kisha picha. Ilikuwa picha ya jiko: mwanamke anapiga gumzo dirishani, sufuria inafurika, paka anakokota samaki, mtoto kajimwagia unga. "Nieleze yote unayoyaona," msichana akasema. Dada akaitazama kwa makini, nikaona kabisa kwamba ameona kila kitu, maana midomo ilimcheza. Akasema, "Mashallah. Jiko zuri. Lina dirisha."

"Na nini kingine kinatokea?"

"Bibi mwenye nyumba anaongea na mgeni. Mzuri, mashallah."

"Na hapa chini, mama?" Msichana akagusa paka.

Dada akamtazama kwa masikitiko. "Mwanangu," akasema, "mimi nimeingia nyumba ya watu. Nitoke nikatangaze ya jikoni mwao?"

Nilijiuma kidole. Mwisho akaambiwa asimulie siku ya harusi yake. Hapo akachanua. Alisimulia hina, alisimulia asumini, alisimulia vile mimi nilivyolia kwa kuwa sinia ya halwa ilinipita, mpaka akafika mlangoni pa chumba. Akanyamaza.

"Kisha?"

"Kisha mlango ukafungwa."

"Na baada ya hapo?"

"Mlango ulikuwa umefungwa, mwanangu," dada akasema taratibu, kama anavyoeleweshwa mtu asiyesikia vizuri.

Mashine ikafikiri kidogo, ikatoa rangi. Nyekundu.

Nilisimama na kiti kikaanguka nyuma yangu. Sikumbuki yote niliyosema, ila najua niliyasema kwa sauti ya darasani. Kwamba huyu mwanamke hakusahau jina la mumewe, amelihifadhi. Kwamba yule paka amemwona tangu mwanzo, na sufuria ameiona, lakini kwetu sisi ukiona aibu ya mtu unaisitiri, unaifunika kama uchi, na mwenye adabu zaidi ndiye anayefunika zaidi. Sasa hii mashine yenu humpa ugonjwa kila mwenye adabu? Basi Mji wa Kale wote ni wagonjwa, leteni magari!

Nilitaraji msichana akasirike. Badala yake alikuwa anaandika mbio mbio, macho yanamng'aa. Akakiri kwamba mashine ilifunzwa kwa sauti za watu wengine, kwanza wa ng'ambo, kisha wa Nairobi, na ndiyo sababu hasa ya yeye kushuka pwani. Akaomba kuja nyumbani, atusikilize tukiongea mambo yetu ya kila siku, bila picha wala maswali. Na sote wawili, akasema, ili mashine ipate kulinganisha mgonjwa na mzima.

"Njoo," nikamwambia. "Uje umwone mzima."

Akaja asubuhi ya Jumamosi. Nilimwekea mahamri, nikakaa juu ya mbuzi nikikuna nazi kwa ajili ya mbaazi, na dada kwenye mkeka na kofia yake. Kile kipaza sauti kikawekwa kati yetu kwenye sinia. Kwa muda kidogo tuliongea kama wasoma habari wa redio. Kisha tukakisahau.

"Nipe kile..." nikasema.

"Kifumbu kiko nyuma yako," dada akasema.

Nikachuja tui. Nikamweleza msichana habari za jirani aliyeuza nyumba yake kwa mtu wa kufanya hoteli. "Alikuja yule bwana, yule wa..."

"Wa benki."

"Wa benki, ndiyo, akamwambia kwamba asipotia sahihi mpaka, mpaka..."

"Mpaka mwezi wa mfungo."

"Ala!" Nikautupa mwiko. "Hebu nipe nafasi nimalize sentensi zangu! Mwaona, bi mdogo? Ndivyo alivyo. Kila nikifungua mdomo, yeye yumo ndani. Nilisimama mbele ya darasa maisha yangu yote, leo nyumbani mwangu siwezi kusema nazi!"

"Sema nazi," dada akasema.

"Nazi!"

"Hongera."

Msichana alicheka mpaka akapaliwa na hamri. Nilifurahi kumwona anacheka. Niliendelea kuwachekesha, hadithi baada ya hadithi, na dada ananikatiza na mimi namtukana, mchezo wetu wa siku zote. Ila baadaye niligundua kwamba nacheka na dada tu. Msichana alikuwa anatazama sinia.

Ilipita kama wiki mbili. Aliporudi hakuja na mkoba wa mashine. Alikunywa kahawa kidogo, akasifu kahawa, akasifu upepo, na mimi nikasema moyoni, loo, huyu mtoto ameshajifunza kwetu, sasa tutakaa hapa mpaka alasiri. Nikamwambia alete habari.

"Mama mkubwa yuko sawa," akasema. "Sawa kabisa. Tulipoifunza mashine namna yenu ya kuongea, ikatoa kijani."

Nilipiga kigelegele kilichomwamsha paka wa jirani. Nilisimama nikacheza, nikamvuta dada mkono acheze naye. Nyumba haifungwi! Maskati wasahau, Nairobi wasahau! Dada hakusimama. Alikuwa akishona, na nilipotazama vizuri niliona sindano inaingia na kutoka na haina uzi.

"Mama," msichana akaniambia mimi, "sauti zilikuwa mbili."

Nilielewa mara moja. Hilo ndilo lililonitisha zaidi, kwamba nilielewa mara moja. Lakini mdomo wangu haukukubali, ukaanza kazi yake. Mashine ya upuuzi, ilikosea mara ya kwanza na imekosea ya pili. Mimi ni mwalimu! Hujui kuwa ni dada asiyeniacha nikasema? Mtoe huyo dada pembeni, unisikie peke yangu!

"Nilimtoa," akasema kwa upole. "Nilizikata sauti zake zote, nikasikiliza zako peke yake. Zimejaa mashimo, mama. Na kila palipokuwa na shimo, yeye alikuwa ameshaliziba."

Nikamgeukia dada anitanie. Nilimwomba kwa macho anitanie, aseme lolote, aseme nazi. Akaiweka kofia chini.

"Zile champali," akasema, "hukuniona nazo njiani. Ni wewe uliyerudi nazo."

Sasa nisikilizeni. Mimi naikumbuka siku ile. Namwona dada kizingitini, naliona lile ua, nawasikia jirani wanavyocheka. Ningeweza kuapa kwa msahafu. Na yote hayo ni kweli, alinieleza, ila nimeanzia katikati. Nilitoka hitimani na champali za watu mguuni, nikatembea nazo mpaka nyumbani, na yeye nyuma yangu anaona. Kizingitini aliniinamia akanivua, akaniingiza ndani, akazivaa yeye akitaka kuzirudisha. Jirani ndipo walipomkuta. Na maziwa? Maziwa niliyaweka mimi jikoni. Na usiku ule niliomgombeza mpaka sauti ikanikauka, alikuwa anajua.

"Kwa nini hukusema?"

"Niseme nini?" Akakasirika, dada ambaye hakasiriki. "Nitoke nikatangaze yako mtaani? Kwa watoto? Nilisema, acha wanione mimi. Mimi sina heshima kubwa ya kupoteza, mimi sikuwa mwalimu."

Nililia. Kwanza kwa hasira, kwamba alinifanya mjinga nyumbani mwangu; kisha kwa aibu; kisha kwa jambo jingine ambalo sijui niliite nini, la kupendwa kiasi kile bila kuambiwa. Msichana wa watu naye analia, kahawa imepoa. Ilibidi dada atukaripie wote wawili.

Daktari alithibitisha. Ni mwanzo, alisema, na huenda ukakaa mwanzoni muda mrefu, hakuna ajuaye. Dawa akatoa, na maagizo: niongee sana, nisome, niandike, ndiyo haya mnayoyasoma, na nisipewe maneno haraka. Akamtazama dada juu ya miwani. Mgonjwa aachwe atafute mwenyewe. Kwa dada hilo ni kufunga Ramadhani mwaka mzima. Nikikwama, huinuka akaenda dirishani. Hujitia kashata mdomoni. Siku moja nilikuwa natafuta neno "pasi", nguo zimelundikana mbele yangu, na yeye alitoka nje kabisa akasimama barazani mpaka nikapiga kelele, "Pasi!" Jirani akauliza kuna nini. "Amejifungua," dada akamwambia, akarudi ndani.

Likabaki la watoto. Dada alikuja na shauri lake.

"Tuwaambie ni mimi," akasema. "Washazoea kuwa ni mimi."

"Na wewe si utapelekwa Maskati, punguani?"

Akafikiri. "Tuwaambie mashine imekufa."

Nilichukua simu nikampigia mwanangu mwenyewe. Nikaifungua sauti, nikaiweka mkekani. Dada akakaa mbele yangu, kashata nzima mdomoni, mikono kaikunja.

"Mwanangu," nikasema, "majibu yako tayari. Mamkubwa wako mzima. Mimi ndiye niliyekwenda kwa daktari. Nina ule... nina ugonjwa wa..."

Likaniponyoka. Hilo hilo, kati ya maneno yote ya duniani. Nililiona linapita, nikalikosa.

"Presha?" mwanangu akasema. "Mama? Ni presha?"

"La. Wa..."

"Sukari? Ni macho? Mama, nisemeshe, ni moyo?"

Dada alikuwa amefumba macho, mashavu yamemjaa, machozi yanampita. Alikuwa nalo. Nilimwona analo, pale nyuma ya kashata.

"Wa kusahau," nikasema.

Sauti ya mwanangu ikaja imebadilika, ya kiume, ya mtu mwenye mipango. Nisiwe na wasiwasi. Atashuka kwa treni wikendi hii hii. Chumba kipo, mwanamke wa kunitazama atatafutwa, madaktari wa Nairobi ndio wenyewe. Nilimwacha aseme mpaka akaishiwa, kwani ni mwanangu na alikuwa na hofu.

"Umemaliza?" nikamuuliza. "Haya, nisikilize. Umenipa presha, umenipa sukari, umenipa macho, umenipa moyo. Katika maneno hayo hata moja halikuwa langu. Na hapa mbele yangu yupo mtu aliyelijua langu kabla sijafungua mdomo, na amenyamaza kwa sababu daktari kamkataza. Huko Nairobi, mwanangu, nani atajua ni neno gani nililokuwa nalitafuta?"

Alifungua mdomo, nikasikia. Akaufunga. Akaanza tena, "Lakini mama, ile..." akakwama.

Hatukumsaidia. Tulikaa pale mkekani, dada na mimi, tukamngoja alitafute, na tulimngoja kwa muda mrefu sana.

"Haya, mama," akasema mwishowe. "Kaeni."